Siku Mbula Aliposimamisha Kazi

Daktari alipomwambia Mzee Abdille kwamba sukari imeanza kumla mguu, mzee hakuuliza habari za mguu. Aliuliza nani atakwenda Lukenya kesho yake. Huko Lukenya ndiko lilikokuwa timbo lake la mawe, mali aliyoianza kwa fedha za ng'ombe baada ya kuzunguka minada ya Ukambani miaka mingi akinunua na kuuza mafahali, na hakuwa amewahi kumwachia mtu mwingine hata kwa wiki moja. Mwanawe wa kiume, Khadar, alikuwa na duka la nguo Nairobi na hakutaka kusikia neno vumbi. Mkewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Aliyebaki naye katika ile nyumba yao ya mjini Machakos, nyuma ya msikiti, alikuwa binti yake Najmo.

"Utakwenda wewe," akamwambia, "mpaka nipone. Lakini nisikilize. Wale watu ukiwachekea watakukalia kichwani. Kwari inaendeshwa kwa jicho kali na maneno machache."

Najmo aliitikia kama binti anavyomwitikia baba yake, lakini moyoni alikuwa na lake. Kabla mama yake hajafa, Najmo alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Athi River, na siku moja mashine ilimla mtu mkono mbele ya macho yake. Baada ya majeruhi kuondolewa, ikajulikana kwamba karibu kila mtu wa zamu ile alijua mashine ile ni mbovu. Meneja aliwauliza kwa ukali mbona walinyamaza. Wakatazamana, na mwishowe mama mmoja aliyekuwa akifagia akasema kwamba hakuna aliyewauliza. Najmo alilala na jibu hilo, akaamka nalo, na miaka ilipita bado analo. Alijiapia kwamba akipewa watu wa kuwaongoza, hatasubiri mkono wa mtu ukatike ndipo aulize.

Basi akaenda Lukenya, mwaka wa tisini na saba, na buibui lake likarudi jioni ya kwanza limegeuka jeupe kwa vumbi. Alikuta wanaume wakikata mawe ya kujengea chini ya ukuta mrefu wa mwamba, na wanawake wamekaa kando na nyundo zao wakiponda kokoto. Nyapara alikuwa Josphat, mtu mzima mwenye kofia ya turubai, aliyefanya kazi na mzee tangu timbo lilipokuwa shimo dogo. Alimwonyesha kila kitu kwa heshima. Watu walipowaona wakipita walinyamaza, na walipokwisha kupita nyundo zikaanza tena.

Jumatatu iliyofuata Najmo aliwakusanya wote chini ya kibanda cha mabati kabla ya kazi kuanza. Akawaambia kwamba kila Jumatatu watakaa hapo pamoja, na yeyote mwenye neno juu ya kazi alitoe. Wakamtazama. Akauliza kama kuna lolote. Josphat akasema kila kitu kiko sawa, madam, na wakatawanyika. Jumatatu ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Kule nyumbani baba yake alicheka aliposikia. Alisema amemfungulia mlango mtu asiyetaka kuingia.

Aliyeingia wa kwanza alikuwa Mbula. Alikuwa mjane wa kutoka Kola, mwembamba, mwenye sauti ndogo hata wenzake walizoea kumwambia arudie. Siku hiyo aliinuka akiwa ameishika leso yake kwa mikono miwili, akasema kwamba mahali wanawake walipokaa ndipo upepo unapotupa vumbi lote la wakataji, na kwamba usiku wote wanakohoa. Hakuomba kitu. Alisema hayo, akaketi. Najmo hakuahidi kulifikiria. Aliinuka pale pale, akavua viatu vyake vya mjini, akasaidia kuhamisha vifaa vya wanawake mpaka upande wa pili wa timbo, na wanaume walipoona binti ya mwenye mali amebeba karai kichwani, wakaona aibu kusimama.

Kuanzia siku hiyo ndimi zikafunguka. Mmoja alisema mitaimbo imekuwa butu na wanapoteza nusu siku kuinoa. Mwingine alisema lori likija asubuhi badala ya mchana watapakia kabla ya jua kali. Walikuwa na fikira nyingi, nyingine za maana na nyingine za kuchekesha, na Najmo alizisikiliza zote. Yaliyowezekana yalifanywa. Yasiyowezekana aliwaambia kwa nini. Mawe yakaongezeka. Ugomvi ukapungua. Kwa mara ya kwanza watu walianza kusema "kwari yetu," na Mzee Abdille mwenyewe, akiwa amelaza mguu wake juu ya mto, alikiri kwamba kazi inakwenda, ingawa alikiri kama mtu anayekohoa.

Mbula alibadilika kuliko wote. Sauti yake ilikuwa ile ile ndogo, lakini sasa watu walinyamaza ili waisikie. Wanawake walimfanya msemaji wao. Siku moja Najmo alimkuta akimfundisha mgeni namna ya kukaa ili mgongo usiumie, naye akasimama kando akamtazama, akahisi furaha aliyokuwa hajaihisi tangu mama yake alipozikwa.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Nani aliyekuwako Ukambani asiyezikumbuka? Nchi iliyozoea kuomba mvua ikaanza kuomba jua. Madaraja yalikwenda na maji, barabara zikageuka mito, na timbo likajaa likawa kama bwawa. Zilipokatika, mapema mwaka wa tisini na nane, watu walirudi wakatoa maji kwa pampu na ndoo, wakaona kwamba ukuta wa mwamba umebadilika rangi, umekuwa na mabaka meusi ya unyevu yasiyokauka.

Najmo aliwakusanya akawaambia kwamba sasa wataweka sheria mpya. Yeyote atakayeona hatari, au kuihisi tu, ana ruhusa ya kusimamisha kazi yote, awe mwanamume au mwanamke, awe wa zamani au wa jana.

Josphat akauliza, kwa upole wake, "Na kama mtu amekosea, madam?"

"Akikosea, kosa ni langu."

Wakaitikia. Wengine walipiga makofi. Najmo alikuwa na miaka ishirini na kitu, na aliamini kwamba neno likisemwa mbele ya watu wote limekwisha kuwa ukuta.

Wakati huo kulikuwa na kontrakta aliyekuwa akijenga magodauni upande wa Athi River, na alitaka mawe mengi kwa haraka kwa sababu mvua ilimchelewesha. Mzee alifurahi sana. Watu nao walifurahi, kwa maana walilipwa kwa kila jiwe, na miezi ya mvua ilikuwa imewaacha na njaa na madeni ya dukani. Walifanya kazi kama watu wanaokimbizwa.

Asubuhi moja, kazi ikiwa imepamba moto, Mbula aliweka nyundo chini akainuka. Akatembea mpaka katikati ya timbo, mahali ambapo wanawake hawakuwa na kawaida ya kwenda, akainua mikono juu. Nyundo moja ikanyamaza, kisha nyingine. Alisema amesikia mwamba. Walipomuuliza amesikiaje, alisema ni kama mtu anayesaga meno usingizini.

Josphat alipanda na kushuka akiukagua ukuta, akaugonga kwa mtaimbo hapa na pale. Hakuona ufa wowote. Wakataji walisimama wakisubiri, jasho likiwakauka, na kuna aliyesema kwa Kikamba kwamba mwanamke huyu amesikia tumbo lake mwenyewe. Najmo alimwendea Mbula, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika.

"Hakika sina, madam," Mbula akasema. "Niko na hofu tu."

Najmo aliutazama ukuta, nao ulikuwa kimya. Aliwatazama watu. Alijua kwamba akisema endeleeni, hakuna atakayemlaumu, na kwamba sheria yake itakuwa imekufa asubuhi hiyo hiyo, mbele ya macho yao, mikononi mwake. Akawaambia watoke wote.

Alimleta mtu kutoka Athi River aliyezoea kupasua miamba kwa baruti. Mtu yule aligonga, akaweka sikio, akachezea mchanga uliokuwa ukidondoka. Alisema ukuta unaweza kusimama mpaka wajukuu wao wazeeke, na unaweza kushuka kabla yeye hajafika barabarani, kwa sababu maji yakishaingia ndani ya mwamba hakuna ajuaye yamefanya nini. Alipokea nauli yake akaenda zake. Najmo akawaza kufungua upande mwingine wa kilima, lakini kazi hiyo ilitaka wiki nyingi. Aliuza kimya kimya bangili ya dhahabu aliyoachiwa na mama yake, akanunua unga na maharagwe akawagawia. Walipokea. Lakini unga hauendi kulipa karo, na walipokuwa wakisubiri juu ya timbo hawakukaa karibu na Mbula. Alikaa peke yake juu ya karai lake lililopinduliwa. Hata wanawake aliokuwa akiwasemea walimpa mgongo.

Najmo aliwaambia watu wasimlaumu. Akawaambia kosa, kama lipo, ni lake. Walimsikiliza kwa adabu kama zamani, kabla ndimi hazijafunguka.

Siku ya tatu baba yake akaja. Alikuja kwa gari la kukodi, akashuka polepole kwa mkongojo, mguu umefungwa kitambaa cheupe. Kontrakta alikuwa amempigia simu nyumbani. Watu walipomwona waliinuka wote.

"Nani amesimamisha kazi?" akauliza.

Mbula alianza kunyanyuka, lakini Najmo alimtangulia. "Ni mimi, Aabo."

Aabo ndiyo baba kwa Kisomali, na kwa kawaida wakiwa wawili walizungumza lugha hiyo. Siku hiyo mzee alijibu kwa Kiswahili, ili asiwepo mtu asiyeelewa. Alimuuliza Najmo kama ameona ufa. Akasema hapana. Mzee akamgeukia nyapara.

"Josphat, wewe umeona ufa?"

"Sijaona, mzee."

"Umesikia kitu?"

Josphat aliitazama kofia yake, ambayo alikuwa ameivua na kuishika. "Sijasikia, mzee."

Kisha mzee akamuuliza Mbula amesikia nini. Mbula akasema tena yale maneno ya kusaga meno, kwa sauti ndogo kiasi kwamba ilibidi arudie, na aliporudia kuna mtu nyuma alicheka. Mzee Abdille hakucheka. Hakuwa mtu wa dhihaka. Alisema tu kwamba anayetaka kazi ashuke, na asiyetaka, barabara ni ile pale.

Najmo akaenda akasimama mdomoni mwa njia inayoshuka timboni. Haikuwa njia pana.

"Aabo, niliwapa neno langu."

"Neno lako liko juu ya mali yangu," mzee akasema. "Toka njiani, Najmo."

Hakutoka. Baba yake hakumgusa wala hakupaza sauti. Alimpungia Josphat kwa mkongojo. Josphat akavaa kofia, akachukua mtaimbo wake, akaja mpaka mbele ya Najmo. Akasema, "Utuwie radhi, madam." Kisha akapita kwa ubavu, akijikunja ili asimguse, maana alijua yeye ni mwanamke wa Kiislamu na hakutaka kumvunjia heshima. Aliyemfuata akafanya vivyo hivyo. Na mwingine, na mwingine, kila mmoja akigeuza bega na kuinamisha macho, wakampita kama watu wanavyoupita mwiba uliokua njiani. Wanawake nao wakapita. Najmo alisimama mpaka wa mwisho, na alipogeuka kutazama juu aliona amebaki mtu mmoja, Mbula, ameketi juu ya karai lake.

"Kuanzia leo sina binti hapa kwari," baba yake akasema. "Nilikuwa na karani, na nimemwachisha kazi. Na huyo mama aende pamoja naye."

Khadar aliitwa kutoka Nairobi, akaja akinung'unika. Mikutano ya Jumatatu ikaisha. Najmo alirudi jikoni.

Sasa lisikilize hili, kwa sababu ndilo lililomwumiza kuliko kupitwa njiani. Siku zile za kwanza nyumbani alikuwa akisikia gari likisimama nje, moyo unaruka. Simu ikilia, anaacha sufuria motoni. Alijidai kwamba ni wasiwasi juu ya watu. Alasiri moja akiwa juu ya mswala, kabla hajainua mikono kuomba, akajikuta anauona ukuta ukishuka, anamwona baba yake akija kusimama mlangoni na kichwa kimeinama, na akahisi kifuani kitu kitamu. Ndipo akajua alikuwa akisubiri nini. Chini ya ukuta ule walikuwamo Josphat na wote aliowagawia maharagwe. Alilia mpaka mswala ukalowa, akamwomba Mungu aushike ukuta ule, aushike hata kama yeye ataonekana mjinga mpaka siku ya kufa kwake.

Mungu akaushika. Mawe ya kontrakta yalitoka yote. Jioni moja mezani baba yake alimuuliza, bila hasira, "Liko wapi lile jabali lako?" Najmo akasema, "Limesimama, Aabo, alhamdulillahi." Akainuka akaenda kuleta chai. Hilo likawa neno la mwisho baina yao juu ya timbo.

Baada ya muda alifunga safari kwenda Kola kumtafuta Mbula. Alimkuta shambani akipalilia mbaazi, amekonda zaidi. Kule nako habari zilikuwa zimefika. Waliokuwa na jamaa timboni walisema ndiye aliyewakosesha watoto wa watu karo. Mbula alimkaribisha ndani, akampa bakuli la muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na mbaazi, akakaa mbali naye kidogo. Najmo alisema amekuja kuomba msamaha. Akasema mengi, juu ya ahadi yake, na juu ya mlango aliowafungulia kisha akashindwa kuushika usiwafungie vidole. Mbula alimwacha amalize.

"Wewe ulitufundisha kusema," akamwambia. "Hukutufundisha mtu anakula nini akishasema."

Najmo aliinamia bakuli lake.

"Na siku hizi," Mbula akaendelea, "hata mimi sijui kama nilisikia. Usiku nalala nauliza masikio yangu. Pengine ilikuwa upepo. Pengine ni njaa."

"Mimi nakuamini."

"Uliniamini wakati sikuwa na hakika. Sasa niko na hakika kidogo zaidi kwamba nilikosea." Kisha akauliza bila kumtazama, "Kama ukuta ungeanguka, madam, ungefurahi?"

Najmo angeweza kusema uongo, na uongo huo ungekuwa wa heshima. Akasema, "Siku zile za kwanza, ndiyo."

Mbula akatikisa kichwa polepole. "Hata mimi," akasema.

Najmo alimaliza chakula chote, kwa sababu kukiacha kungekuwa tusi, akaondoka kabla jua halijashuka.

Baadaye alipata kazi katika kiwanda cha kushona nguo Athi River, akawa msimamizi wa meza moja ya wanawake. Aliendelea kuwauliza watu wake kila Jumatatu, maana hakujua kuongoza kwa njia nyingine. Lakini hakuwaambia tena wasiogope. Aliwaambia ni nani aliye juu yake, ni wapi uwezo wake unaishia, na kwamba mtu akisema neno zito, yeye atakwenda nalo mbele kwa jina lake mwenyewe na kulificha la msemaji. Wachache walisema. Mara mbili alikaripiwa ofisini. Alistahimili.

Mzee Abdille alikatwa mguu, kisha mguu wa pili ukaanza. Najmo alipata ruhusa kazini akawa akimwogesha, akimpikia uji, akimsomea Yasin. Siku moja hospitalini mzee alimshika mkono, akamtazama kwa muda mrefu, midomo ikasogea. Najmo aliinama. Mzee akauliza kama Khadar amefika. Akafa alfajiri yake, mwaka wa elfu mbili na moja, wakamzika siku hiyo hiyo mchana. Najmo alilia kama wanavyolia mabinti. Alimlilia baba yake, akamlilia na yule baba ambaye yeye alikuwa akimsubiri aje mlangoni tangu siku ya Lukenya, ambaye sasa hakuweza kuja tena.

Siku ya tatu ya matanga, watu wa timbo walikuja kutoa pole. Timbo lilikuwa limeshafungwa. Mawe mazuri yaliisha, Khadar akakirudisha kilima kwa wenyewe waliomkodishia mzee. Ukuta haukuwa umemwangukia mtu yeyote. Josphat, aliyezeeka ghafla, alitoka kwenye hema la wanaume akaja kusimama karibu na mlango wa jikoni, akaomba kumwona binti ya marehemu. Alimwambia mzee alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Kisha, kana kwamba anaendelea na habari hiyo hiyo, akasema, "Siku ile sisi wote tulisikia."

Najmo alidhani hakuelewa vizuri.

"Ukuta. Tulisikia wote tuliokuwa chini. Ulisaga, kama alivyosema yule mama. Mara moja, kisha ukanyamaza."

"Baba alikuuliza."

"Aliniuliza." Josphat hakuinamisha macho safari hii. "Niko na watoto saba, madam. Wewe ukifukuzwa kwari unaenda nyumbani, na nyumbani ni kwa mwenye kwari. Sisi tungeenda wapi? Usinikasirikie. Ulikuwa mzuri kwetu. Lakini ule ujasiri wako ulikuwa na paa juu yake."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya kitu. Najmo alitaka kumwambia habari ya bangili, na ya kupitwa njiani, na ya usiku mwingi. Yote yakamkauka ulimini kwa kuwa aliona kwamba mtu huyu amesema kweli. Akamshukuru kwa kuja. Akaingia jikoni akaendelea kuosha vyombo vya wageni.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja aliyestahili kuzijua habari zile, na mara tu aliporuhusiwa kutoka nyumbani baada ya matanga, Najmo alikwenda Kola. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno. Alijiona amebeba kitu cha thamani, kitu kitakachomrudishia mwanamke yule masikio yake.

Mbula alikuwa uani na ungo, akipepeta mbaazi kavu. Alimpa pole kwa msiba, akamvutia kigoda. Najmo akamwambia yote kama Josphat alivyosema, kwamba walisikia, wote, kwamba hakukosea hata kidogo, na kwamba haikuwa upepo wala njaa.

Mikono ya Mbula ilitulia juu ya ungo. Alitazama mbele, mahali ambapo shamba lilishuka kuelekea bondeni, na kwa kitambo uso wake ukawa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali sana. Najmo alisubiri alie, au acheke, au aseme kitu.

"Angesema siku ile," Mbula akasema.

Akauinua ungo, akapepeta. Makapi yakaruka upande wa Najmo, yakamtua kwenye mtandio na mapajani, na hakuna kati yao aliyesogea.